Tausi mweupe na mayai yasiyoangua

SWALI: Nina tausi dume mweupe na majike wawili wa bluu, wote wana miaka miwili, nimewanunua kutoka banda moja. Kati ya mayai 14 yameangua matatu tu, na hakuna kifaranga mweupe. Aliyeniuzia anasema weupe ni ualbino, unaua mbegu, nimpe dume dawa yake ya unga. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na huo unga usiununue. Kila msimu naletewa kopo kama hilo.

Mtazame dume wako machoni. Mwenye ualbino angekuwa na macho ya waridi. Ya kwako bila shaka yana rangi, si ya waridi. Kilichokosekana ni rangi ya manyoya tu. Na bluu ya tausi si rangi ya kupakwa wala kulishwa. Chukua unyoya wa bluu uliodondoka, usage kwenye kinu: utapata unga wa kahawia. Bluu hutokana na mwanga kugonga chembe nyeusi zilizopangwa ndani ya unyoya. Mweupe hana chembe hizo, basi. Mbegu zake hazihusiki.

Vifaranga wako wamebeba weupe nusu, kutoka kwa baba. Ukimpandisha mmoja na mweupe asiye ndugu yake, tarajia kama nusu ya watoto kuwa weupe.

Sasa mayai. Yamulike kwa tochi gizani siku ya kumi. Ukiona mishipa kama utando wa buibui, mbegu ipo. Yai likibaki jeupe ndani, huenda dume hakulirutubisha. Ana miaka miwili, mkia haujakamilika; wengi hukomaa mwaka wa tatu. Mpe muda. (Na kama unatamisha kwa kuku, usimchanganyie mayai yake: atatoka na vifaranga wake siku ya 21, ya tausi yanahitaji 28.)

Ila kinachonikera ni hilo "banda moja". Wauzaji wanatoa ndugu wa tumbo moja, wanawaita jozi, mnunuzi anawazalisha wao kwa wao ili weupe usipotee. Baada ya vizazi viwili vitatu vifaranga wanafia ndani ya ganda, halafu inalaumiwa rangi. Weupe hupatikana kwa kununua damu ngeni. Kabla hujalipa, omba kuonyeshwa wazazi wa dume na wazazi wa jike, kila mmoja na banda lake. Hao majike wako, ukigundua ni dada zake, wabadilishane na mfugaji mwingine kabla ya msimu ujao.