Hao si buibui: wadudu wanaoteleza juu ya maji

Mkuu, hao "buibui wa miguu minne" uliowaona kijitoni Pugu na kuuliza kama wana sumu, si buibui. Ni wadudu wa familia ya Gerridae na miguu yao ni sita. Miwili ya mbele ni mifupi, wameikunja tayari kudaka nzi au sisimizi anayeanguka majini, ndiyo maana hukuiona. Ya kati ndiyo makasia, ya nyuma usukani. Sumu ya kukudhuru hawana, ila ukimbana kiganjani anaweza kukuchoma na mdomo wake.

Jua likiwaka na maji yakiwa kina kifupi, tazama kivuli chake mchangani. Utaona madoa ya mviringo, manene kuliko miguu yenyewe: pale mguu unapobonyeza maji bila kuyatoboa, mwanga unapinda. Kucha zake zimerudi nyuma kidogo ya ncha ya mguu, la sivyo zingechana ule utando wa juu ya maji unaombeba.

Kumtambua, angalia paja la nyuma. Likipita mbali mwisho wa tumbo, ni Gerridae. Likiwa fupi, ni Veliidae, ndugu zao wadogo. Vile vyeusi vya kung'aa vinavyozunguka ovyo ni mbawakawa, achana navyo.

Mimi lakini huanza na maji kabla ya mdudu. Dar maporomoko hatuna, kwa hiyo nikitaka kuwaona vizuri napanda treni hadi Morogoro, halafu napandisha Uluguru kwa miguu. Pale maji yanapopiga, usipoteze muda. Sogea pembeni, nyuma ya jiwe kubwa, maji yanapotulia: Gerridae wamekaa wameelekea mkondo unakotoka, wanapiga kasia kidogo kidogo wasisombwe, wakingoja chakula kiletwe. Katikati ya mawe, maji yanapokwenda kasi, kuna makundi ya vidudu vyeusi vya milimita chache tu vinavyokatakata kona. Mara nyingi hao ni Rhagovelia, wa Veliidae. Mguu wao wa kati una kishada cha nywele kinachochanua ndani ya maji, ndicho kinachowawezesha kuukata mkondo.

Huku mjini usiwatafute panapofuliwa nguo. Sabuni hulegeza ule utando, mdudu anazama.

Ukirudi Pugu, piga picha kutoka juu, paja la nyuma lionekane lote. Mabawa yasikuchanganye: spishi moja inaweza kuwa na waliokomaa wenye mabawa na wasio nayo.