Porto, kodi na blanketi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naunda programu kwa kampuni ya Nairobi, nikiwa Tanga. Nataka kuhamia Porto, Ureno, na mke wangu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Viza yako ni D8, ya wanaofanya kazi kwa mbali kupitia mtandao, iliyoanza Oktoba 2022. Uthibitishe kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Ukienda na mke, kiwango hicho hupanda. Tafuta mapema NIF, namba ya mlipakodi. Mimi niliichelewesha, mwenye nyumba akachoka kuisubiri akampa mwingine funguo, nikalala sebuleni kwa rafiki wiki tatu! Ukipitisha siku 183 huko ndani ya miezi 12, kodi ya mapato inakuhusu. Na beba blanketi. Nyumba nyingi za Porto, Januari, ndani baridi kuliko nje.