Jibu: nai inasikika kama mbili ukisukuma modwili
Salaam aleikum ndugu yangu. Kama nimekufahamu, umerekodi nai (filimbi ya mwanzi) kwa sauti laini na ya nguvu uifanye ala ya kompyuta; ukipiga noti moja kwa nguvu ile ile iko sawa, ila mtunzi wa muziki wa filamu akisukuma modwili (gurudumu la kwenye kinanda) kutoka sauti ndogo kwenda kubwa, hapo katikati zinasikika nai mbili. Angalia kwanza vibrato (mtetemo wa sauti), maana rekodi laini na ya nguvu mpigaji hatetemeshi kwa mwendo mmoja, na akipuliza kwa nguvu pichi nayo hupanda, sasa rekodi hizo mbili zikipishana zinagombana. Mie nilimwambia mpigaji wangu hapa Ng'ambo, Unguja, apulize noti ndefu bila kutetemesha kabisa, kisha kila sampuli (rekodi ya noti moja) nikaitia tyuni peke yake na vibrato nikaiweka kwa LFO (kitetemeshi cha ndani ya programu) kwenye Decent Sampler, programu ya kupigia sampuli. Kama mpigaji wako keshaondoka, tumia rekodi ya nguvu tu, modwili iendeshe volyumu pamoja na filta ya kukata sauti za juu, sikio linakubali. Tena pumzi usizisafishe zote tafadhali, utaiua nai! Rekodi kwa 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde), ndo kawaida ya filamu. Ya Kontakt, programu nyengine ya sampuli, atakujibu mwengine, mie siitumii.