Python toleo gani? Kwanza nikusimulie ya disketi yangu

Jana usiku kijana mmoja kaniandikia: “Shikamoo kaka. Chuoni tunafundishwa kuandika programu kwa lugha ya Python, toleo la 3.11, lakini naona 3.14 imeshatoka. Nifute nianze upya?”

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi: usifute. Jibu refu linaanzia Tanga, mwaka 1994.

Kompyuta za enzi zile ziliheshimiwa kuliko wageni. Kwenye kituo cha mafunzo tulikuwa tunavua viatu mlangoni, mapazia yamefungwa vumbi lisiingie, kila mashine imevikwa kitambaa kama televisheni ya sebuleni. Watatu mashine moja. Diski ya ndani hakuna: unaingiza disketi ya DOS, mfumo wa kuiendesha mashine, unaisikiliza ikikwaruza, unaitoa, unaingiza ya GW-BASIC, lugha tuliyoandikia programu. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Kila mstari wa programu una namba yake, 10, 20, 30, na ukikumbuka jambo la katikati unalipa 15. Umeme ukikatika, kazi imekwenda na maji, kwa hiyo niliandika kila kitu kwenye daftari kwanza. Daftari lile ninalo hadi leo.

Mwaka uliofuata nikahamia kituo kingine, chenye MS-DOS mpya na QBasic, mdogo wake GW-BASIC, ndani yake. Nikaingiza disketi yangu kwa mbwembwe, wenzangu wamenizunguka waone mambo. Skrini ikajaa vinyago! GW-BASIC ilihifadhi kazi kwa namna yake yenyewe. Ukitaka isomeke kwingine ulipaswa kuongeza herufi A mwishoni mwa amri ya SAVE, na hakuna aliyeniambia. Nikaandika upya yote kutoka daftarini. QBasic haikulazimisha namba za mistari, lakini mimi niliziweka mwaka mzima, tena nikiwacheka wasioziweka.

Ungedhani nilijifunza.

Mwaka 2012 nikatengenezea kikundi kimoja cha kuweka na kukopa programu ya mikopo, kwa Python 2.7. Python 3 ilikuwapo tangu Desemba 2008, na rafiki yangu alinisihi nianze nayo. Nikamjibu kwamba maktaba ninazozihitaji, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, hazijafika huko. Ilikuwa kweli kwa baadhi yake. Kweli kubwa zaidi ni kwamba nilikuwa nasifiwa mjini kwa Python 2, na mgema akisifiwa unajua anachofanya. Mwaka 2014 waliposogeza mwisho wa kutunzwa kwa 2.7 kutoka 2015 hadi 2020, nilifurahi kama nimeongezewa umri.

Mwaka 2021 kikundi kikanunua mashine mpya. Ubuntu, mfumo wake wa uendeshaji, ilikuja na Python 3 peke yake. Nikahamisha programu usiku mmoja: zana ya 2to3, inayogeuza Python 2 kuwa 3, ikanirekebishia amri za print zote, programu ikawaka, nikalala usingizi mzito.

Faini ya kuchelewa ilikuwa 2,000 kwa kila wiki kamili. Nilikuwa nimeandika siku / 7, basi. Katika Python 2, 10 / 7 ni 1, vipande vinatupwa. Katika Python 3 ni 1.42 na ushei, na 2to3 haigusi kugawanya. (Hata GW-BASIC ya Tanga ilijua 7 / 2 ni 3.5, lakini tuyaache hayo.) Mama mmoja aliyechelewa siku 10 akasimama kikaoni na kitabu chake: “Elfu mbili naijua. Hii mia nane hamsini na saba imetoka wapi?” Sikuwa na jibu. Dawa ilikuwa mkwaju mmoja wa ziada, //, ili vipande vitupwe tena, kazi ya nusu dakika. Kazi walimpa kijana mwingine mwezi huohuo, na wala hawakuniambia, nilisikia sokoni. Bado inauma kidogo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chuo kinafundisha 3.11, baki hapo. Ilitoka Oktoba 2022, na matoleo ya siku hizi hutunzwa miaka mitano, yaani wewe una hadi Oktoba 2027. Kazi yako mwenyewe ianze toleo moja nyuma ya jipya kabisa, maana maktaba huchelewa kufika. Andika toleo kwenye faili la maelezo ya mradi. Tumia venv, yaani chumba cha pekee cha Python na maktaba zake, kila mradi uwe na chake. Na andika toleo, najua nimeshasema. Vijana mnashindana nani ana namba kubwa, wakati mteja wako hajui hata Python ni nini, anachojua ni shilingi zake. Ukihama, hama na majaribio yenye hesabu ulizozifanya kwa mkono, usihame na usingizi.

Mwezi uliopita yule kijana aliyerithi kazi yangu alinipigia. “Kaka, samahani, hapa kwenye faini kuna mikwaju miwili. Niliona kama umekosea kuandika, nikataka kutoa mmoja.”

Nikamwambia asubiri, nakuja mwenyewe.