Mdomo unatafuna bila chakula: ni kifafa?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 19. Alianza kwa kukosa usingizi na kuongea ovyo, tukadhani malaria imepanda kichwani. Vipimo havikuona malaria. Sasa ni wiki ya tatu wodini: hasemi, mdomo unatafuna mchana kutwa, mikono inajipinda kama ya mtu anayesokota kamba. Dawa ya kifafa imeongezwa mara mbili na bado. Wanasema kingamwili zake zinashambulia vipokezi vya NMDA kwenye ubongo. Mbona hatulii? — Mama, Ahero

JIBU: Pole sana, mama. Hamkukosea kufikiria malaria kwanza. Huku kwetu kandokando ya ziwa hata mimi ningeanzia hapo.

Ugonjwa huu, ambao kinga ya mwili inaushambulia ubongo wenyewe, ulielezwa vizuri mwaka 2007 na daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake. Kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, hunasa vipokezi vya NMDA, milango ya kupokea ujumbe iliyo juu ya seli za neva, na kuvifanya vizame ndani, basi sehemu za ubongo zinazozuia misuli isijiendee zinapoteza mamlaka. Kutafuna, kukunja uso na kusokota mikono ndiyo alama yake kubwa, hata mgonjwa akiwa hajitambui. Kifafa nacho huweza kuwepo. Kwa hiyo omba kipimo cha mawimbi ya ubongo kifanywe wakati mikono inacheza. Mawimbi yasipoonyesha kifafa, kuongeza dawa ya kifafa kutamlewesha tu.

Uliza pia kama anapewa haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Wagonjwa hawa wengi hawaivumilii: mwili hukakamaa na homa kupanda.

Kinachotuliza mikono ni kutuliza kinga ya mwili: methylprednisolone (dawa ya steroidi), immunoglobulini (kingamwili za watu wengine, kwa dripu), au kusafisha utegili wa damu, yaani majimaji yake (plazma). Zikipita wiki mbili bila nafuu, huongezwa rituximab, dawa nyingine ya kupunguza nguvu ya kinga. Na tafadhali, ovari zipigwe picha. Kwa msichana wa umri wake huenda kuna teratoma, uvimbe wenye tishu za neva ndani yake, na hiyo ndiyo iliyochokoza kinga. Ikiwepo, itolewe mapema.

Nafuu huja kwa miezi, si siku. Kwa kawaida mikono hutulia kabla kumbukumbu na tabia hazijarudi sawa. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliotoka mwaka 2013, takriban wanane kati ya kila kumi waliofuatiliwa miaka miwili walipona vizuri.

Kwa sasa linda ulimi na midomo asijing'ate, na mrekodi kwa simu dakika mbili, uso na mikono vionekane, umwonyeshe daktari anayepita wodini asubuhi.