Kwa wadogo zangu mnaotaka kucheza mtu mbaya

Wadogo zangu, nimenyamaza muda wote huu nikisema mtajifunza wenyewe. Hamjifunzi. Kampeni mpya ya Dungeons & Dragons, mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu, imeanza, fishi za wahusika zimeletwa, na karibu meza nzima ni mayatima: wote wezi, wote wamejifunika joho jeusi, wote hawamwamini mtu, wote wameketi kwenye kona ya baa wakingoja mwingine aanze kuongea. Baa yenyewe haina kona za kutosha. MJ, yaani mwongoza mchezo, ametumia jioni nzima kuwasihi wahusika wenu wasalimiane, na SNEL walipokata umeme bado hakuna aliyemtajia mwenzake jina.

Sisemi muache. Mkali, mchoyo, mwenye haya, anayekera hata akipiga chafya: huyo ndiye ninayempenda kuliko shujaa yeyote mwenye meno meupe. Ila ana kanuni zake.

1. Nane si laana. Mnachukua mgao wa kawaida wa sifa sita za mhusika, 15, 14, 13, 12, 10, 8, na ile 8 mnaitupa kwenye karisma, yaani mvuto wake kwa watu, kisha mnacheza kama watu waliotemewa mate na mababu. Fanyeni hesabu. Nane inakupunguzia 1 kwenye dadu unayotupa. Kwenye dadu ya nyuso 20 hiyo ni nafasi 5 katika 100. Mtu wa 8 ni kama yule mjomba anayekuja kwenye kilio akashika mkono wako muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, basi. Halafu kutisha watu nako ni karisma, pamoja na kushawishi, kudanganya na kutumbuiza. Kwa hiyo jambazi wako wa 8 anayemkoromea kila muuza mikate hana hata kipaji cha kutisha. Anachekesha! Cheza hilo, meza itakupenda. Na mtawala katili anayefuatwa na jeshi zima anaweza kabisa kuwa na 18. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974, karisma ilikuwa inasema ni watumishi wangapi unaoweza kuwaajiri na kama watakuwa waaminifu kwako. Haikuwa kipimo cha adabu.

2. Haya na ubaya ni vitu viwili. Mhusika akinyamaza, wewe usinyamaze: tuambie anachowaza. "Anataka kumshukuru malkia, anafungua mdomo, inatoka habari ya mbuzi." Tumecheka, tumemjua, zamu imepita. Kuna kijana hapa aliyeamua kucheza mtu asiyesema kabisa, naye mwenyewe akakaa kimya jioni baada ya jioni. Tuligawana hazina ya pango zima tukamsahau, na yeye hakutukumbusha, kwa sababu eti mhusika wake hasemi. Alikuja kulalamika tumeshanunua farasi.

3. "Ndivyo alivyo." Hapa nitakaa, maana juzi nimeyasikia tena maneno haya kutoka kwa mmoja wenu, na nywele zikanisimama.

Zamani, kabla wengi wenu hamjafika Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, tulikuwa na kampeni ya nchi ya shaba. MJ wetu aliondoa sarafu za dhahabu akaweka misalaba ya shaba, ile ambayo mababu wa Katanga walinunulia na kuuzia kabla Mbelgiji hajaja. Mimi nilicheza mpima shaba wa mfalme. Jina lake Mzee Mizani. Akili 17, karisma 8, na hakumsemesha mtu bila kumdharau. Wenzake aliwaita "mizigo". Bukari, yaani ugali, ikiletwa, anairudisha, anasema imepikwa na adui. Siku za kwanza watu walicheka mpaka machozi, na kicheko kile ndicho kilichoniharibu, kwa sababu niliongeza. Tukifika mji mpya, Mzee Mizani anatukana lango. Chifu akitupa kazi, Mzee Mizani anauliza nani alimfundisha chifu kuhesabu. Walinzi wanakuja, tunapigana, tunakimbia usiku na majeraha yetu. Mji unaofuata, vilevile. Wenzangu wakinitazama, jibu nilikuwa nalo: ndivyo alivyo, mimi nifanye nini? Kana kwamba mzee yule alizaliwa na mama yake, si mimi niliyemwandika kwa kalamu kwenye daftari la masomo.

Kulikuwa na dada mmoja mezani, mgeni kwenye mchezo, mpole. Alicheza kasisi aliyekimbia kijiji chao baada ya baba yake kuiba shaba ya wote. Kwa muda mrefu hakuomba kitu. Halafu akamwomba MJ: kundi lipite kijijini, kasisi aombe msamaha mbele ya wazee. MJ akakubali, akaandaa. Wazee wako chini ya mti, hawasemi. Dada akatoa karatasi, maana maneno alikuwa ameyaandika nyumbani, kwa Kiswahili chetu cha hapa, vile mtu anavyoomba msamaha kweli mbele ya wakubwa. Mkono ulikuwa unatetemeka. Alisoma sentensi ya kwanza. Kwenye ya pili nikaingilia. Mzee Mizani akasema: mwizi huzaa mwizi, pimeni kwanza mfuko wake.

Hakuna aliyecheka. Chifu akatufukuza sote, kwa sababu MJ wetu alipenda "matokeo ya kweli". Dada akaikunja ile karatasi mara mbili. "Ndivyo alivyo," nikasema. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Yaya, ile kintu minaliandika poso muzima." Yaani: kaka, nilikiandika wiki nzima.

Alibaki mpaka mwisho. Alisaidia kuokota dadu. Jumamosi iliyofuata nikapata ujumbe kwamba MJ anaumwa. Iliyofuata ikawa mvua. Halafu ikawa mitihani. Yote niliamini, na mmoja wao nilimtumia pole. Jioni moja nilikuwa Katuba kurudisha chaja ya mtu, umeme hakuna, nikapita mbele ya lupango, yaani ua wa nyumba, ya rafiki yetu mmoja nikasikia kopo la maziwa linatikiswa. Ndilo kopo letu la kutupia dadu, mlio wake ungeujua popote. Mshumaa mezani, mwanga wa simu, na sauti ya dada yule anasimulia, wengine kimya, halafu wote wanacheka kwa pamoja. Kampeni ile ile. Nilisimama mlangoni pa lupango nikiinua simu juu, nikijifanya natafuta netiweki. Mama mwenye nyumba akaniona. "Baba, unasimama inje juu ya nini? Ingia, bukari iko." Nikasema nina haraka, mama, asante, nikaondoka karibu mbio.

Baadaye niliambiwa kwamba kwenye hadithi yao Mzee Mizani alitumbukia kwenye shimo la machimbo. Hawakumzika. Hata kilio hawakuweka, na kundi lilikuwa na kasisi!

Nilidhani kilichowachosha ni matusi yake. Nilipopata moyo wa kumuuliza MJ, aliniambia hapana, matusi mengine bado wanayarudia na kucheka. Walichoka kuningoja nimalize. Kila mlango, kila soko, kila chifu, jioni inasimama mpaka Mzee Mizani aseme neno lake, tujibiwe, tupigane. Masaa matatu kwa Jumamosi, watu watano, na mmoja anakula mawili. Hapo ndipo nilipomwelewa mhusika mbaya. Tatizo lake huwa ni muda. Ukimwandika katili asiyekula zamu ya mtu, meza itamvumilia kampeni nzima. Ukimwandika mtakatifu anayehubiri kwenye kila zamu, mtakutana kwa siri bila yeye pia.

Waliponirudisha, aliyeulizwa kwanza ni dada yule, ndivyo ilivyostahili. Alikubali kwa sharti moja: kwenye zamu ya mtu mwingine, mhusika wangu haongei mpaka aongeleshwe. Sharti lile nalishika hadi leo, hata ninapocheza malaika. Nawapa bure.

4. Mpe kitu kimoja ambacho kundi haliwezi kukosa: anajua njia, anatibu, anasoma lugha ya wafu. Hakuna anayembeba mwenye kinyongo asiye na kazi.

5. Alipe yeye mwenyewe. Waulizeni wazazi wenu kuhusu Mufwankolo na kundi lake, walivyouchekesha mji huu kwa Kiswahili, redioni na kwenye televisheni. Mkubwa mwenye majivuno, mume mbishi: watu waliwapenda kwa sababu majivuno yao huwarudia wenyewe. Mtu wako mchoyo akinyima wenzake dawa, hiyo ni kero. Akijinyima mwenyewe dawa, akachechemea pango zima akisema maumivu ni ya maskini, wenzake watagombana nani ambebe.

6. Fupisha. Si lazima tusi litoke mdomoni mwako likiwa zima. "Anamwambia jambo baya sana kuhusu kofia yake" inatosha, na kila mtu mezani ataunda tusi zuri kuliko lako. Hii inasaidia pia mkichezea nyumbani kwa watu. Majirani hawajui kwamba ule ukelele wa "nitakuua, mchawi wewe" unatoka kwenye fishi. Mimi nimeshawahi kumweleza pasta wa jirani, nikiwa na dadu mkononi, na sikueleza vizuri.

7. Kabla ya kikao cha kwanza, uliza kila mmoja ni mzaha gani hataki. Ile kadi ya X ya John Stavropoulos, karatasi yenye X katikati ya meza, mtu akiigusa tunaruka jambo lile bila maswali, mnaweza kuitengeneza sasa hivi kwa kipande cha boksi.

8. Mkwaruzo usimfikie kila mtu. Chagua mtu mmoja ambaye mhusika wako anamheshimu, na umwombe mchezaji wake ruhusa. Mpiga upinde anayemdharau kila mtu isipokuwa mpishi wa kundi tayari ana hadithi. Anayedharau wote hana.

9. Hii ni ya nyinyi mnaoanza kuongoza, kwa sababu MJ wetu wa zamani naye alikuwa na sehemu yake, hata kama sitaki kumsingizia mzigo wangu. Mdomo wa mmoja usifukuzishe watano. Mzee akimtukana chifu, chifu amfukuze mzee peke yake. Alale nje na punda, mvua imnyeshee, aseme anachotaka kumwambia punda kwa nusu dakika. Halafu mgeukie mchezaji ambaye hajaongea tangu mwanzo wa jioni, umuulize: na wewe, huko ndani, chifu amekukaribisha kwenye bakuli, unamwambia nini?