Ukitaka kutunga wimbo wa kuchekesha kuhusu kifo, soma hapa kwanza

Wimbo wa kuchekesha unaogusa jambo zito, iwe kifo, vita, ugonjwa au madeni, unataka umakini kuliko hata wimbo wa mapenzi. Nasema hivi kwa sababu nimepiga kinanda na kutunga nyimbo za shughuli miaka mingi, harusi, sherehe za kustaafu, arobaini, na ninachokiona kwa vijana wanaoanza ni kwamba wakishapata neno moja la kushtua wanaona kazi imeisha. Haijaisha, ndo kwanza inaanza.

Mwalimu wangu kwenye hii kazi, ingawa hatukuwahi kuonana, ni Tom Lehrer, Mmarekani mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za kuchekesha, aliyefariki Julai 2025 akiwa na miaka 97. Alikuwa mtu wa hesabu, kamaliza digrii ya kwanza pale Harvard akiwa na miaka 18 tu, na sehemu kubwa ya maisha yake kaitumia kufundisha chuo. Mwaka 1953 akakodi studio Boston kwa dola 15, akarekodi albamu nzima siku hiyohiyo, yeye na piano yake basi, akatoa santuri 400 na kuanza kuziuza mwenyewe kwa wanachuo. Redio hazikutaka hata kuzisikia, BBC wao walizipiga marufuku nyimbo 10 kati ya 12, lakini zikasambaa hivyohivyo mtu kwa mtu mpaka ng'ambo.

Sasa msikilize anavyofanya kwenye ule wimbo wa kuwapa njiwa sumu. Unaanza kwa mwendo wa waltz, ule wa moja-mbili-tatu, mtamu kabisa, jua limetoka, Jumapili, wapenzi wanaenda bustanini, na wewe msikilizaji umeshatulia unajua huu ni wimbo wa wachumba, ghafla unasikia kwamba kilichowapeleka bustanini ni kuwaua njiwa kwa karanga zilizopakwa sumu! Na sauti yake haibadiliki hata kidogo, anaendelea kuimba kwa furaha ileile, vina vyote vinakaa mahali pake, hakuna mstari uliolegea. Hapo ndipo kazi ilipo. Kama angeimba kwa sauti ya kutisha, au angecheka kabla ya watu kucheka, wimbo ungekufa pale pale. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, maneno yakiwa mazito tafuta muziki mwepesi, piga mdundo wa kuwainua watu kwenye viti, na wewe mwenyewe usitoe hata tabasamu.

Na vina, jamani, vina! Watu wanasamehe utani mkali ukiwa umetungwa vizuri, ukitungwa hovyo wanaona umewatukana tu. Mimi siuachii mstari mpaka nihesabu mizani kwa vidole, na sioni aibu kukaa na neno moja wiki nzima.

Halafu ujue unamcheka nani. Lehrer ana wimbo wa mwaka 1965 kuhusu Wernher von Braun, yule mhandisi aliyewatengenezea Wanazi makombora ya V-2 yaliyoua watu London, kisha Wamarekani wakamchukua akawatengenezea roketi za kwenda mwezini, akawa shujaa. Kwenye wimbo huyo bwana anaeleza kwa utulivu kwamba kazi yake ni kurusha tu, roketi ikadondokea wapi hiyo ni idara ya watu wengine. Nikisikia pale huwa nacheka halafu moyo unaniuma, kwa sababu hajawacheka wajane wa London hata kidogo, kamcheka mtu mkubwa anayenawa mikono. Ukitaka kumtania aliyeumia, acha, huo wimbo usiutunge kabisa.

Sisi wala hatuhitaji kwenda Marekani kuambiwa kwamba msibani panachekwa. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare, hao ni watani wa jadi, na mtani akifika msibani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anaweza kuzuia mambo yasiendelee mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini angalia, mtani ana ruhusa, anajulikana ni nani, na yeye pia akifiwa atatendewa hivyohivyo. Wewe mtunzi nani kakupa ruhusa? Nenda kaiombe. Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa anadaiwa na kila duka la mtaa na kila mtu alikuwa anampenda, nikatunga wimbo wa arobaini yake, na kabla sijamwimbia mtu yeyote nilienda kumsomea mjane wake jikoni. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda, akaniambia na yule mangi, mwenye duka la kona, mweke, huyo ndo alikuwa anamfuata mpaka mlangoni. Ubeti ukawa hivi:

Mangi kaja na daftari, kalifikisha shimoni,
Mjomba yuko tayari, katulia udongoni,
"Bosi wangu kaa shwari, tutalipana peponi."

Niliupiga kwa mwendo wa mchiriku, ule muziki wa mbio wa uswahilini, watu wazima walisimama kucheza, na mangi mwenyewe alikuwepo. Bila ile ruhusa ya jikoni nisingethubutu.

Kuna jambo lingine ambalo mwanamuziki wetu Remmy Ongala alituonyesha. Yeye na bendi yake ya Super Matimila waliimba kuhusu UKIMWI na kondomu wakati hayo mambo yanasemwa kwa kunong'ona, kondomu akaiita soksi, akaipigia gitaa la kuchezeka, na Radio Tanzania wakakataa kuupiga huo wimbo. Watu wakaujua wote. Leo ukipanda daladala Dar es Salaam bado kuna kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Unaona mzaha wake ulikuwa na kazi ya kufanya, ulikuwa unaokoa watu, na ndo maana ulimstahili mtu mzima kuuimba. Kabla hujatunga jiulize wimbo wako unataka kusema nini ukiondoa kicheko, ukikosa jibu subiri.

Ukitaka kujifunza kwa vitendo, bahati ipo. Mwaka 2022 Lehrer aliachia haki zake zote, maneno na muziki, mtu yeyote duniani aimbe, atafsiri, abadilishe, auze, bila kumwomba mtu wala kulipa senti. Mimi nachukua tuni yake moja natia maneno yangu ya Kiswahili, sio kutafsiri maana utani wake hautafsiriki, natia mambo ya kwetu, mgao wa umeme, bodaboda, kikoba kilichokimbiwa na mweka hazina. Anza na ile ya njiwa, chords zake hazina shida sana, ila tempo usiikimbize, waache waingie bustanini taratibu.